Nifute mti au nifute nyumba?

*"Ninaishi Chicago, huu ni mwaka wa sita. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na jioni mbili kwa wiki nasoma darasa la uchoraji. Nyuma ya jengo letu kuna ngazi za mbao zinazopanda hadi ghorofa ya tatu, na mbele yake umesimama mti mkubwa. Nimeichora sehemu hiyo mara nne, na kila mara mti unaonekana kama umebandikwa ukutani kwa gundi. Mwalimu aliniambia nitazame wachoraji wa mwanzo wa usasa wa Marekani. Akaongeza kwamba hao, baada ya maonyesho makubwa ya 1913, waliyapa mgongo maumbile wakakimbilia maghorofa na mashine, na kwamba Georgia O'Keeffe peke yake ndiye aliyebaki na maua. Nilikwenda makumbusho nikasimama mbele ya picha yake ya hoteli ya Shelton. Sikuona mashine hata kidogo, niliona jua. Je, nimeiona vibaya? Mbona picha hizi hazina watu? Na mimi nifute mti au nifute nyumba? Natumia rangi ya mafuta chumbani kwangu, na siku hizi kila nikimaliza kichwa huniuma."*

Ndugu yangu, nianze na kichwa, kwa kuwa hicho hakisubiri. Yaelekea kinachokuumiza ni tapentaini, au dawa yoyote unayosafishia brashi. Mvuke wake hujaa chumbani, na majira ya baridi ya Chicago hayaruhusu mtu kufungua dirisha. Acha kabisa kupaka mafuta katika chumba unacholala. Nyumbani tumia penseli na rangi ya maji, na mafuta yabaki darasani penye feni ya kutoa hewa. Kichwa kikiendelea kuuma baada ya siku kadhaa bila mvuke huo, mwone daktari na umtajie jina la kila kopo ulilokuwa ukitumia. Ukipata kizunguzungu au pumzi ikawa nzito, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye picha. Hukuiona vibaya. O'Keeffe alihamia hoteli ya Shelton, New York, mwaka 1925 pamoja na mumewe, mpigapicha Alfred Stieglitz, na chumba chao kilikuwa ghorofa ya 30. Baadaye sana maishani mwake alieleza picha ile ilivyozaliwa: asubuhi moja, kabla hajaanza kazi, alitoka nje kulitazama jengo, akaona kama jua limeumega mnara upande mmoja, na madoa ya mwanga yamezagaa ukutani na angani. Ndicho alichokichora mwaka 1926. Umesimama mbele ya jengo la zaidi ya ghorofa 30, na jua linalila kama mtu anavyouma ukingo wa mkate. Jicho lako lilikwenda pale pale mchoraji alipolipeleka. Liamini.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuliona. Mwaka 1915 kusini mwa Manhattan lilikamilika jengo la Equitable, lililopanda wima kutoka ukingo wa barabara hadi juu kabisa, na kivuli chake kikayalalia majengo ya jirani. Kelele zikawa nyingi. Mwaka uliofuata jiji la New York likapitisha sheria kwamba jengo likifika kimo fulani lazima lianze kurudi nyuma, hatua kwa hatua, ili mwanga na hewa vifike barabarani. Shelton, iliyosanifiwa na Arthur Loomis Harmon na kukamilika miaka ile ile ya 1920, ni miongoni mwa majengo ya kwanza yaliyoonyesha umbo hilo waziwazi: pana chini, jembamba juu, mabega yameporomoka kama ya mlima. Kwa hiyo jua lilikuwa limeshalichonga jengo lile, kwa mkono wa sheria, kabla O'Keeffe hajashika brashi. Anayesema mwanamke huyu aliacha maumbile akaenda kwenye maghorofa angeanza kwa kuuliza ghorofa lenyewe lilipata wapi umbo lake.

Hapo ndipo lilipo jibu la mti wako pia, lakini tulifikie taratibu.

Macho yetu yana mazoea ya kugawa. Tukitazama jengo dhidi ya anga, jicho hulipa jengo mpaka wote: ule mstari ni "wa jengo", na anga hugeuka kuwa kitu kisicho na umbo, kilichobaki tu nyuma. Mchoraji anayeanza hufuata mazoea hayo bila kujua. Huchora kitu kwanza, halafu hujaza nyuma yake kama mtu anayeziba nyufa. Sasa itafute picha ya kwanza kabisa ya New York aliyoichora O'Keeffe, ile ya 1925 ya barabara yenye mwezi, iliyoko Madrid. Majengo yamesimama kulia na kushoto kama giza tupu, karibu hayana madirisha. Kilichochongwa kwa uangalifu ni anga: kipande chenye pembe kilichobanwa katikati kama maji kati ya kingo mbili, mwezi mdogo umekaa mawinguni, na chini yake taa ya barabarani imezungukwa na duara la mwanga. Mpaka kati ya ukuta na anga ni wa wote wawili. Upande mmoja umekatwa kama kwa wembe, upande wa pili rangi inafifia polepole kuelekea ndani. Ukikata upande mmoja na kulainisha mwingine, jicho haliwezi tena kuamua kipi kiko mbele. Linakwenda na kurudi, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakoifanya picha ionekane inapumua.

Sijaiona picha yako, kwa hiyo nakisia kwa kusikia dalili. Uliumaliza ukuta wote kwanza, mbao kwa mbao. Kisha juu yake ukachora mti, na ukauzungushia mstari wenye ukali ule ule kuanzia shina hadi tawi la mwisho. Ikiwa ndivyo, mti hauna budi kuonekana umebandikwa, kwa sababu kweli umebandikwa: ukuta ulikuwa umekamilika bila kuuhitaji.

Aliyelitatua jambo hili kwa utamu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Charles Demuth. Mzaliwa wa Lancaster, Pennsylvania, mwaka 1883, mtu mgonjwa tangu utotoni, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza wa kisukari Marekani kutibiwa kwa insulini. Majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917 alikwenda kisiwa cha Bermuda pamoja na rafiki yake, mchoraji Marsden Hartley, na huko akachora kwa rangi ya maji mfululizo wa picha za nyumba na miti. Mojawapo, ya miti na mabanda, iko makumbusho ya Chuo cha Williams, Massachusetts. Itafute kwenye tovuti yao uikuze hadi uone nyuzi za karatasi.

Tazama anachofanya. Anachukua mstari wa ukingo wa paa na hauachi uishie pale paa linapoishia. Anauendeleza hewani, ukapita kwenye matawi, kana kwamba nyumba imepiga mwale. Tawi nalo linashuka kwa mkunjo wake hadi juu ya ukuta, na pale linapokutana na ule mstari, rangi inabadilika: iliyokuwa nzito inakuwa nyepesi, iliyokuwa nyepesi inakuwa nzito. Karatasi nyeupe ameiacha wazi sehemu nyingi, na ule weupe mmoja ni ukuta hapa, ni hewa pale, na hatua mbili mbele ni mwanga juu ya gome. Kila kipande cha rangi ni kizito kwenye mstari mmoja kisha kinafifia hadi kuisha, kwa sababu aliifyonza rangi ikiwa bado mbichi. Basi hakuna kilicho nyuma kikamilifu wala mbele kikamilifu. Shina na nyumba vinakopeshana mipaka. Njia hiyo ya kuacha umbo moja limiminike ndani ya jingine wachoraji wa kizazi chake waliiona kwa Cézanne, mchoraji Mfaransa, na kwa wachoraji wa kubizimu wa Paris, wale waliovunja vitu kuwa vipande vyenye pembe, lakini Demuth aliipeleka kwenye wepesi wa aina yake. Nikizitazama picha zile huhisi upepo wa bahari.

Hapo tunagusa lile la 1913, na mwalimu wako ana nusu ya ukweli. Maonyesho yale yaliyofunguliwa New York Februari 1913 katika ghala la silaha la kikosi cha 69, yakiwa na kazi zipatazo 1,300, yalikuwa kishindo kwa umma. Machi yakahamia Chicago, katika taasisi ile ile unayokwenda kutazama picha, na baadhi ya wanafunzi walichukia kiasi cha kuchoma moto nakala za picha za Matisse. Hata hivyo wachoraji tunaowazungumzia walikuwa wameshaanza. Stieglitz alikuwa na nyumba ndogo ya sanaa kwenye namba 291 Fifth Avenue tangu 1905, na ndani ya vyumba vile finyu alionyesha michoro ya Matisse mwaka 1908, kisha Cézanne na Picasso mwaka 1911. Arthur Dove alionyesha pale picha zake za chaki za rangi mapema 1912, na mwaka huo huo zikaletwa Chicago, mwaka mzima kabla ya kile kishindo. Na ningependa uitilie maanani picha moja ya Dove ya wakati ule: ameiweka katika mfululizo aliouita maumbile yaliyogeuzwa alama, lakini kinachoonekana ndani yake ni mapaa ya nyumba. Hakuona haja ya kuomba radhi. Paa lilikuwa sehemu ya alichokiita maumbile.

Nyumba ile ya 291 mwaka 1914 ilionyesha pia sanamu za mbao kutoka Afrika Magharibi na Kati, kwa kichwa cha maonyesho kilichowaita wachongaji wake washenzi. Neno hilo linaniuma kila ninapolikuta, na sitalipita kimya. Waliwatukana wachongaji na papo hapo wakajifunza kutoka kwao jinsi ya kuona uso kama bapa za mwanga na kivuli. Charles Sheeler, mchoraji na mpigapicha ambaye nitamtaja tena, alipiga picha za sanamu za Kiafrika katika miaka ile ile aliyokuwa akipiga picha za ngazi na milango ya nyumba ya zamani aliyoipanga Doylestown, Pennsylvania.

Ama kuhusu O'Keeffe wa maua: maua ni sehemu tu ya kazi yake. Alizaliwa shambani Wisconsin mwaka 1887, akasoma mwaka mmoja hapo hapo Chicago, 1905 hadi 1906, na kuanzia 1918 majira yake ya joto kwa miaka mingi yalikuwa Lake George, kaskazini mwa jimbo la New York, kwenye nyumba ya ukoo wa Stieglitz. Huko alichora mabanda ya shambani kwa bidii ile ile aliyochorea majani. Kibanda alichokifanya karakana alikichora mwaka 1922 kwa rangi za kahawia na kijivu, na alisimulia kwamba alifanya hivyo kuonyesha kuwa naye aliweza kuchora kwa zile rangi za huzuni walizozipenda wanaume waliomzunguka. Waliipenda! Hao hao walimwambia New York awaachie wanaume. Picha ile ya mwezi aliyoichora baada ya kuambiwa hivyo haikutundikwa kwenye maonyesho ya 1925. Mwaka uliofuata ikatundikwa, ikanunuliwa siku ya kwanza.

Lakini picha ya Lake George ninayotaka uikalie ni ya 1929, iliyoko Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York: dirisha la nyumba ya shamba. Dirisha moja limejaza picha nzima, vifuniko vya mbao vya rangi nzito kulia na kushoto, mbao nyeupe, basi. Amelisogelea kama alivyolisogelea ua, mpaka vya pembeni vikaisha. Hamna mti, hamna ziwa. Maumbile yameingia kwa njia nyingine: katika kile kioo cheusi cheusi kinachobeba giza la nje, na katika mabadiliko madogo ya weupe yanayokuambia saa za mchana. Ndiyo sababu nasema usimgawe mwanamke huyu kwenye makabati mawili, moja la maua na moja la majengo. Mkono ni mmoja.

Wapo waliokwenda upande mwingine kabisa, wakayafanya majengo yenyewe yasogee. John Marin, aliyezaliwa 1870, alifanya kazi ya usanifu wa majengo kabla hajawa mchoraji, kwa hiyo alijua vizuri nyumba inavyosimama. Jengo la Woolworth lilipokuwa likipanda, likafikia mita 241 na kuwa refu kuliko yote duniani wakati huo, alilichora kwa rangi ya maji tena na tena mwaka 1912 na 1913. Katika baadhi ya picha hizo mnara umetulia. Katika nyingine unayumba kama mnazi kwenye kusi, na nyumba ndogo chini yake zinasukumana. Alieleza mwenyewe katika maandishi ya maonyesho yake kwenye 291 kwamba mji mkubwa una uhai usioishia kwa watu na wanyama, kwamba majengo nayo yana uhai, makubwa yanayavuta madogo na madogo yanayavuta makubwa. Mwaka 1914 alianza kwenda pwani ya Maine, na mawimbi na visiwa vya huko akavichora kwa mistari ile ile ya kuvutana. Nimeziweka kando kwa kando nakala za Woolworth na za Maine mbele ya wanafunzi, nikafunika vichwa vya picha, na wakabishana ni lipi jabali na ni lipi jengo.

Oscar Bluemner alikuwa msanifu majengo kamili, Mjerumani aliyehamia Marekani miaka ya 1890, akaacha kazi hiyo na kuchora miji ya viwanda ya New Jersey: mifereji, viwanda vya hariri vya Paterson, nyumba nyekundu kama pilipili kati ya miti. Kwake wekundu ulikuwa uhai wenyewe, na alikuwa tayari kuupaka kwenye ukuta wa kiwanda sawa na kwenye machweo. Hajulikani kama wengine, na naona ni dhuluma. Mtafute.

Umeuliza kwa nini hamna watu. Hili sitalitetea lote. Picha nyingi za kundi ambalo baadaye liliitwa la presishonizimu, lile la mistari safi na rangi isiyoonyesha alama ya brashi, ni tupu. (Jina hilo lilikuja kuwakusanya baadaye. Wenyewe hawakuandika ilani wala kuunda chama.) Mwaka 1927 Sheeler alitumwa kupiga picha kiwanda cha Ford cha River Rouge, karibu na Detroit, kwa ajili ya matangazo ya kampuni. Kutokana na picha hizo za kamera, mwaka 1930 alichora turubai aliloliita mandhari ya Marekani, na mwaka uliofuata jingine aliloliita mandhari ya kale na bora. Kiwanda kimekuwa mandhari! Mfereji umeshika nafasi ya mto, marundo ya malighafi yamekuwa vilima, moshi wa bomba refu umeungana na mawingu hadi hujui upi ni upi. Kwa ufundi, ni kazi ya ajabu. Lakini pale palifanya kazi makumi ya maelfu ya watu, na kwenye turubai la 1930 utamkuta mmoja, mdogo kama sisimizi, kwenye njia ya reli. Mwaka wenyewe ni 1930, mdororo wa uchumi umeanza kuwamwaga watu barabarani. Ukihisi baridi mbele ya picha hiyo, hisia yako ni ya haki. Mtu akisema Sheeler alikuwa akisifu mashine, ana hoja. Akisema ule utulivu una huzuni ndani yake, naye ana hoja, na mimi huegemea upande huo ninapoitazama kwa muda mrefu.

Utupu wa O'Keeffe sioni kuwa wa aina hiyo. Katika picha zake za Shelton mtu yupo: ni yule anayetazama, aliyesimama barabarani kichwa kimeinama nyuma na jua limemchoma machoni. Madoa yale ya mwanga humtokea mwenye macho, au mwenye kamera. Na Demuth, picha yake ya 1927 aliyoiita Misri yangu, iliyoko Makumbusho ya Whitney, ni ghala la nafaka la zege la mji wao wa Lancaster, limechorwa kutoka chini kama hekalu, miale ikilikata kutoka pembeni. Hamna mtu hata mmoja. Lakini jina limebeba mtu mzima, mgonjwa aliyerudi kuishi nyumbani kwa mama yake, anayeutazama mji wake kama farao anavyotazama piramidi atakamozikwa. Na ghala hilo lina nini ndani? Mavuno ya mashamba. Hata zege lile lina shamba tumboni.

Kuna jengo moja zaidi lazima nilitaje, kwa sababu wewe utalielewa haraka kuliko wengi wa wanafunzi wenzako. Mwaka 1929 na 1930 O'Keeffe alichora mara kadhaa kanisa la Ranchos de Taos, New Mexico, lililokamilika mwanzoni mwa karne ya 19. Amelichora kwa nyuma, pasipo mlango wala msalaba mkubwa, pale kuta nene zinapotuna kama migongo ya ng'ombe waliolala. Kanisa limejengwa kwa matofali ya udongo na majani makavu, na kila mwaka waumini hukusanyika kulikandika upya. Aliyekua akiona watu wakikandika nyumba anajua maana yake: ukuta ni ardhi iliyosimamishwa kwa muda, na mvua ikipewa nafasi itaurudisha chini. O'Keeffe alipaka ardhi na ukuta kwa rangi za ukoo mmoja, na mpaka kati yake akaulainisha mahali fulani hadi ukakaribia kupotea. Hapo hakuwa na haja ya kuunganisha jengo na maumbile. Vilikuwa kitu kimoja tayari, naye alikuwa na busara ya kutovitenganisha.

Basi mti wako.

Ukiufuta, utabaki na ngazi za mbao, na unaweza kupata picha safi kwa njia ya Sheeler. Banda alilolichora kwa chaki mwaka 1917, liko Philadelphia, limeelea juu ya karatasi tupu bila anga wala ardhi, na ni zuri mno. Njia hiyo ni halali, lakini ina gharama: ngazi zako zitakuwa za popote, na kivuli cha majani kinachotembea juu yake mchana kutwa kitapotea. Ukiifuta nyumba, utabaki na mti mzuri kama miti mingine mizuri. Njia ya Marin ya kuviacha vivutane inavutia, ila inataka mkono uliochora majengo yaliyosimama wima kwa miaka kabla ya kuyayumbisha. Ukiianza mapema, kuyumba kunaonekana kutojua kuchora, na nakuambia hivi ili usikate tamaa ikikushinda mwezi wa kwanza. Ningekuwa wewe ningeanza na Demuth: karatasi, penseli, rangi ya maji, na kitambaa cha kufyonza. Kichwa chako nacho kitapona.

Chukua kadibodi, kata katikati tundu la mstatili lenye ukubwa wa kiberiti, funga jicho moja utazame ngazi na mti kupitia hapo. Usichore ngazi. Usichore mti. Chora vipande vya anga na vya ukuta vinavyoonekana kati ya matawi na kati ya vidato, kila kimoja kama nchi kwenye ramani. Ukivimaliza utakuta mti na ngazi vimejitokeza vyenyewe, na vina mpaka mmoja. Kisha chagua mistari mitatu tu ya ngazi uiendeleze hadi ndani ya matawi, na tawi moja uliache lipotee ndani ya mbao. Mipaka mingine ilainishe. Fanya ndogo kumi kabla ya kubwa moja, saa tofauti za siku, na mbili kati ya hizo majani yakishapukutika.

Kuna mambo maandishi hayawezi kukupa, na hapo utafute mtu ana kwa ana. Ukikwama kwenye kulainisha mpaka, usiendelee kusoma. Mwombe mwalimu akae kando yako apake kipande kimoja huku ukitazama mkono wake, kwa sababu kiasi cha maji kwenye brashi hakielezeki. Pia mpelekee zile picha nne za mafuta uzipange sakafuni kwa mfuatano. Kosa linalojirudia mara nne huonekana kwa mtu aliyesimama mbali, na wewe uko karibu mno.

Na rudi makumbusho. Baada ya kifo cha Stieglitz mwaka 1946, O'Keeffe aligawa mkusanyo wa marehemu kwa taasisi kadhaa, na sehemu kubwa iliingia hapo hapo Chicago, zikiwemo kazi za Marin na Dove, pamoja na turubai la kiwanda alilolichora Demuth mwaka 1931. Rangi za maji hazitundikwi muda mrefu kwa kuwa mwanga huzififisha, kwa hivyo usipoziona ukutani usidhani hazipo. Makumbusho makubwa huwa na chumba cha kutazamia kazi za karatasi kwa miadi, wazi hata kwa asiye mtaalamu. Waandikie, taja kazi unazotaka, eleza kwamba wewe ni mwanafunzi wa uchoraji. Watakuwekea Marin mezani, mbele yako, bila umati. Sehemu nyingine ya mkusanyo ilikwenda Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, na ndani yake imo picha ya O'Keeffe ya usiku wa 1927 ya jengo la American Radiator. Siku hizi Fisk wanaimiliki kwa ubia na makumbusho ya Crystal Bridges, Arkansas, na picha husafiri kati ya nyumba hizo mbili, kwa hiyo piga simu kabla ya kukata tiketi ya basi.

Ukifika tena mbele ya Shelton, sogea hadi mlinzi aanze kukutazama, kisha rudi nyuma hatua kumi. Angalia pale jua lilipoumega mnara, uone kama mpaka ni mkali upande wa jengo au upande wa mwanga. Niandikie ulichokiona, na uambatanishe mbili kati ya zile ndogo kumi, zile unazoziona mbaya zaidi.